Tupeane uzoefu: nyie mnaokimbia kila siku, mnapumzika lini?

Mtoto wa Kikwajuni
Assalaam alaykum wana mazoezi. Mie nina miaka 41, na tangu tamasha la mazoezi la tarehe 1 Januari nimejiunga na kikundi cha mtaani kwetu. Si mnajua Zanzibar ilivyo, kila mtaa una kikundi chake na fulana zake, na alfajiri baada ya sala barabara ni zetu kuliko za daladala. Nilianza na siku mbili tatu kwa wiki, nikanogewa. Sasa mwezi wa tatu natoka kila siku ya Mungu: Mnazi Mmoja, Maisara, Kilimani, nikifika Mazizini narudi. Jumapili napitiliza mpaka Chukwani.

Uzito umepungua, tumbo limerudi ndani, hilo nashukuru. Lakini wiki mbili hizi ugoko wa kulia unaniuma upande wa ndani, asubuhi nikishuka ngazi nakwenda kama kaa. Usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Na jana mke wangu kaniambia, "Toka uanze kutafuta afya umekuwa na hasira kama mtu aliyeacha sigara." Sijawahi kuvuta.

Kiongozi wetu anasema anayepumzika ni mvivu. Moyo ni pampu, anasema, na pampu haipumziki. Sasa nauliza: haya mazoezi ya pumzi, hii kadio, nayo inahitaji siku ya mapumziko, au hiyo ni ya wanyanyua vyuma tu? Nataka yaliyokukuteni wenyewe, si ya kunakili.

Shangazi wa Jang'ombe
Pumzika kwanza, ndo uulize. Mtu anashuka ngazi kama kaa halafu anatafuta ushahidi.

Goti la Zamani
Wa alaykum salaam. Kaka, hapo ulipo mie nimeshapita. Nilijiandikisha nusu marathoni, nikajitungia ratiba mwenyewe: siku 7 kwa wiki, na kila wiki naongeza. Wiki ya sita ugoko ukaanza. Nikaukanda kwa maji moto, nikaufunga bendeji, nikaendelea. Siku moja pale Kilimani nikahisi kama nimechomwa msumari. Nilikaa ukingoni mwa barabara mpaka gari lililobeba kuku likanipa lifti.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonesha kitu. Nikafurahi, nikarudi barabarani (msicheke). Baada ya wiki 3 nikapigwa ya pili, mstari huo. Mfupa umetia ufa, wiki 8 hakuna kukimbia. Daktari alinieleza kitu ambacho laiti ningekijua mwanzo. Mfupa ukigongwagongwa, mwili kwanza unaikwangua ile sehemu iliyochoka ndipo ujenge mpya, na hapo katikati mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla. Ukiugonga tena kila alfajiri, fundi hapati nafasi ya kutia hata tofali moja. Moyo na mapafu vinazoea haraka, wiki chache tu unahisi pumzi imefunguka. Mifupa na kano zinakuja nyuma kwa miezi. Ndo maana watu wanaumia pale pale wanapojiona wamekuwa wazuri.

Jipime hivi: pitisha kidole juu ya ugoko. Maumivu yakitandaa kama urefu wa kiganja, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa, ukipunguza mbio yanatulia. Yakiwa pahala pamoja padogo kama sarafu, na ukiruka kwa mguu huo mmoja unaona nyota mchana, nenda hospitali na usikubali picha moja ikudanganye.

Na mwambie kiongozi wenu pampu haikanyagi lami.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimecheka. Halafu hiyo pampu yenyewe inapumzika, tena kila pigo. Mtu akiwa ametulia, moyo unalegea kwa muda mrefu kuliko unavyobana, karibu theluthi mbili ya kila pigo ni kulegea tu na kujaza damu. Huyo kiongozi kachagua mfano mbaya.

Mie nakimbia siku 4, na niliyojifunza nimejifunza kwa kujihesabu mapigo. Ukiamka, kabla hujanyanyuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu dakika nzima. Andika. Fanya hivyo wiki moja utaijua hesabu yako. Mie yangu ni 62. Nikiona 70, 71 siku mbili tatu mfululizo na sina homa wala sijakesha zamu, viatu vinabaki mlangoni. Ukichanganya na usingizi mbovu na zile hasira alizozisema mkeo, nadhani jawabu unalo.

Kingine ni chakula. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli, ukishaimaliza kwa mbio ndefu, inachukua kama siku nzima kujaa tena, na hiyo ni kwa anayekula. Nyie mnaokimbia mpaka Chukwani halafu mnauogopa muhogo wa nazi, mtajaza kwa nini? Na Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu. Hizo ukizipata kwa siku 4 umezipata. Si kwamba ukizidisha ni haramu, ila huna deni la mtu.

Ukiwa na homa usitoke kabisa, hata kwa kutembea. Virusi vinaweza kuushambulia msuli wa moyo wenyewe, na mtu anayejilazimisha kukimbia wakati huo anacheza na roho yake.

Bi Mkubwa wa Maisara
Wanangu, nataka kusema na upande wetu, wasije watu wenye sukari wakasoma hapa wakajifungia ndani. Mimi nina miaka 63, sukari inakaribia miaka kumi. Daktari wangu aliniambia kinyume na haya: nisipitishe siku 2 mfululizo bila kuushughulisha mwili, kwa kuwa ile faida ya misuli kuivuta sukari haikai, siku moja mbili imeshaondoka. Kwa hiyo mimi natembea kila siku dakika 40, nazunguka uwanja wa Maisara na mashoga zangu wawili. Huu mwaka wa sita. Sikosi ila kwa mvua ya masika, msiba, au sikukuu, na hata sikukuu natembea kwa kupeleka vyakula.

Lakini ni kutembea. Nazungumza mwanzo hadi mwisho, umbea wote wa mji unapita pale. Siku nikiona maneno yanakatika najua nimekwenda mbio, napunguza. Mguu mmoja uko chini siku zote, hakuna kugonga. Hiyo haina haja ya siku ya kulala.

Chuma Hakilali
Mnamtisha mwenzenu bure. Mie mwaka wa pili huu sijakosa hata siku moja na magoti mazima. Mwili wa binadamu umeumbwa kukimbia. Kipchoge anapumzika?

Goti la Zamani
Kipchoge aliyeimaliza marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, hiyo ndo kazi yake. Yeye akimaliza asubuhi anakula na kulala. Wewe ukimaliza unafungua duka. Na hata yeye siku zake nyepesi anakwenda taratibu hasa, ukimuona unaweza kudhani utampita. Hebu sema kweli, hizo siku zako zote unakwenda kasi moja?

Chuma Hakilali
Jumatatu na Alhamisi nafunga sunna, kwa hivyo natoka karibu na magharibi, dakika 20 taratibu, nikirudi naikuta futari. Siku nyingine kama kawaida.

Shangazi wa Jang'ombe
Basi siku mbili kwa wiki unapumzika, baba, ila hukujiambia.

Chuma Hakilali
Kwani kukimbia taratibu si kukimbia?

Goti la Zamani
Ni kukimbia, na ndilo tunalolisema. Hakuna aliyemwambia mtu alale kitandani. Siku ya kupumzika kwangu ni siku isiyo ya kujikamua. Ukiweza kwenda taratibu kweli, nenda. Tatizo letu wengi, ukiwa kwenye kikundi na mtu akakupita, taratibu imekwisha hapo hapo.

Mpemba wa Machomanne
Yakhe, mie nataka kuongeza jambo ambalo sijaona mtu kalitaja. Kazi yako unaihesabu? Mwaka juzi msimu wa karafuu nilikuwa mchana kutwa juu ya mkarafuu, alasiri nateremka, jioni nakwenda Gombani kukimbia raundi. Kila siku. Karafuu sikuihesabu kuwa ni mazoezi kwa kuwa nalipwa kwa pishi.

Wiki ya tatu nikishika kikombe cha chai mkono unatetemeka, mke anadhani nina malaria. Nikapima, hamna. Siku moja nimekanyaga tawi, mguu ukanilegea kabisa, hauna nguvu, nikashuka kwa mgongo. Lilikuwa tawi la chini, alhamdulillahi, wenzangu walicheka mpaka wakasikia haya kwa mie. Lingekuwa la juu msingesoma haya. Toka hapo msimu ukiingia mbio naziacha, labda Jumapili. Na karafuu zikishakwisha pumzi yangu naikuta pale pale nilipoiacha, au ni bora zaidi. Nilikuwa naogopa kupotea kwa siku tatu! Nimekuja kuona wiki moja haipotezi kitu. Ukikaa wiki mbili na zaidi bila lolote, hapo ndo unaanza kuhema.

Mtu anayebeba zege, anayesukuma rikwama pale bandarini, mama anayechota maji kwenye kilima: hao wasiambiwe habari za siku 7.

Mzee wa Karabai
Mie sikimbii, toka utoto sijakimbia ila nikifukuzwa na mbwa. Nimeingia humu kwa kuwa mjukuu wangu ananisomea. Watu husema wazee walifanya kazi kila siku bila kupumzika. Si kweli. Sisi tulivua dagaa kwa karabai. Mwezi ukiwa mpevu hatutoki, kwa sababu bahari yote nyeupe na dagaa hawaifuati taa. Siku zile tunashona nyavu, tunalala, tunatazamana na wake zetu. Ijumaa hatutoki. Kusi ikichafuka hatutoki. Hakuna aliyeiita siku ya mapumziko, lakini ukihesabu kwa mwezi zilikuwa nyingi kuliko zenu.

Naomba Nisijitaje
Haya nayaandika kwa wanawake wenzangu, wanaume mkitaka someni. Nina miaka 26. Harusi ilikuwa inakaribia, nikawa naruka kamba asubuhi, nakimbia jioni, na usiku mazoezi ya kwenye simu, siku 7. Wali niliuacha. Chapati niliziacha. Nakula tango na yai. Mwezi wa kwanza siku zangu zikachelewa, wa pili hazikuja, wa nne bado. Nikaona raha, usumbufu umepungua! Mama ndiye aliyeshtuka, na alishtukia jengine (mnajua mama zetu), nikalia kutwa nzima.

Tukaenda kwa daktari wa kike. Mimba hakuna, ugonjwa hakuna. Akaniuliza nakula nini na napumzika lini. Sikuwa na jawabu la swali la pili. Akanambia mwili unaopata chakula kidogo kuliko unachokitumia hufunga kile unachoona kinaweza kusubiri, na uzazi huwa wa mwanzo. Mtu akinyamaza mambo yakaendelea hivyo, mifupa inadhoofika hata kwa msichana, na hutajua mpaka ivunjike. Nilirudisha wali, nikashuka mpaka siku 4. Siku zangu zilirudi mwezi wa tatu tangu hapo. Gauni lilibidi litanuliwe kiunoni, na fundi alininunia kuliko bwana harusi.

Shangazi wa Jang'ombe
Mungu akupe afya mwanangu. Wako wengine humu kimya wamekusikia.

Kijana wa Bububu
Yangu fupi. Ramadhani iliyopita nilishikilia kukimbia kila siku saa 11 jioni, natoka Bububu kwenda Mtoni na kurudi. Siku ya kumi nikaona barabara inazunguka, nikaishikilia nguzo ya umeme. Sasa Ramadhani nakwenda baada ya tarawehe, mara 3 kwa wiki, na maji nakunywa kwanza.

Mtoto wa Kikwajuni
Nimerudi baada ya wiki mbili, nyote ahsanteni, na wewe Chuma pia.

Nilijipima kidole, maumivu yametandaa, kiganja kizima, si pahala pamoja. Nikapumua. Mapigo ya asubuhi tatu za mwanzo: 67, 68, 66. Sikukimbia siku 6. Jioni maji yakijaa nilikuwa nakwenda pwani ya Mazizini kuogelea, na mara mbili nilizunguka Maisara na mke wangu. (Bi Mkubwa, nadhani tulikupita, au wewe ulitupita, sina hakika.) Siku ya tatu nilijisikia mwizi, nawasikia wenzangu wanapita na nyimbo zao chini ya dirisha nami nimelala. Siku ya tano nilijisikia mfalme. Asubuhi ya siku ya saba nilihesabu 59. Nimerudia mara mbili kwa kutoamini.

Sasa nakimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine naogelea au natembea, Ijumaa sifanyi kitu. Ugoko umetulia ila bado naukagua. Kiongozi nilimpa ule mfano wa moyo kulegea. Hajanijibu, na kwenye orodha ya washika bendera sijioni tena.

Shangazi wa Jang'ombe
Na mke anasemaje kuhusu hasira?

Mtoto wa Kikwajuni
Anasema hasira zimekwisha, lakini asubuhi sasa nashinda jikoni kwake na kumfunuliafunulia masufuria. Ameniuliza kama hiyo Ijumaa siwezi kukimbia kidogo.