Mafunzo ya uongozi kwa wanawake wa tawi letu: tuanzie wapi?

Mchumawaridi (Usa River, Arusha)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninafanya kazi katika shamba la maua, upande wa kupanga na kufunga mashada, na ni mwenyekiti wa kamati ya wanawake ya tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Wanawake ndio wengi shambani, lakini waliokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, walikuwa wanaume watupu. Mwaka jana tulipeleka akina mama wanane kwenye semina ya siku mbili mjini. Walirudi na madaftari na vyeti, wakatueleza vizuri kila haki waliyofundishwa, lakini ulipofika uchaguzi wa tawi hakuna hata mmoja aliyechukua fomu. Niliwafuata mmoja mmoja. Wa kwanza alisema mumewe hataki achelewe kurudi, wa pili akasema hawezi kuzungumza mbele ya meneja, na wa tatu akanijibu kwa kifupi tu: "Dada, mkataba wangu ni wa msimu." Hilo la tatu linaninyima usingizi, kwa sababu sikuwa na la kumjibu. Naomba mnieleze, mafunzo ya namna gani humfanya mwanamke asimame, na si ajue tu?

Katibu Mstaafu (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Kwanza shika sheria mkononi. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema tawi lenye wanachama zaidi ya 100 liwe na wawakilishi 15, na kati yao wasiopungua watano wawakilishe wafanyakazi wanawake. Sheria hiyo hiyo inampa mwakilishi likizo yenye malipo kwa ajili ya mafunzo ya kazi yake ya uwakilishi, kwa hiyo si lazima mafunzo yatumie siku ya mapumziko ya mama.

Semina peke yake, hata hivyo, haizai kiongozi. Nilikuwa katibu wa tawi katika shamba la mkonge, ambako akina mama walianika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye kamba tangu alfajiri. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, lakini pale kwetu walikuwa wakikamua maziwa nyuma ya kamba, wakiyamwaga mchangani na kurudi kwenye singa huku kanga zimelowa kifuani. Tuliwachukua watatu tu. Kwa wiki tatu waliandika katika daftari tarehe, saa na jibu la msimamizi kila waliponyimwa ruhusa. Jioni tulifanya mazoezi chini ya mwembe, mimi nikiwa meneja, nikiwakatiza na kuwapandishia sauti hadi wakazoea kumaliza hoja yao. Siku ya kikao waliongea wenyewe, mimi nikiwa nimekaa kimya pembeni, na ruhusa ikatoka. Wawili kati yao waligombea uchaguzi uliofuata bila kusukumwa na mtu.

Mkazi wa Ziwani (Naivasha, Kenya)

Nimejifunza kutoka kwa mzee, ila naomba nitofautiane naye kwa jambo moja. Sisi pia tulitumia daftari, msimamizi akaliona likiwa na majina, na mama mmoja hakuitwa tena msimu uliofuata. Tangu siku hiyo tunaandika tukio bila jina, na anayesimama mbele ni mwenye ajira ya kudumu, huku wa msimu akijifunza kando yake. Vilevile tulihamisha mikutano kutoka jioni hadi saa ya chakula cha mchana, kwa sababu saa kumi na moja kila mama huwa anakimbilia mtoto aliyemwacha kwa jirani. Mahudhurio yalibadilika wiki hiyo hiyo, kabla hatujafundisha chochote.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Zoezi letu la kwanza kwa kiongozi mpya ni kwenda ofisini na mwenzake kuomba nakala ya sera hiyo. Ni ombi dogo, lakini mtu ambaye hajawahi kubisha mlango ule hutoka akiwa ameubisha.

Katibu Mstaafu

Dada wa Naivasha, nakubali kuhusu majina. Lile lilikuwa kosa letu pia, bahati tu haikutuumiza. Kwa yule mama wa msimu: sheria ya Tanzania huhesabu kutoongezewa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, iwapo alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Atunze mikataba yake yote ya nyuma, na likitokea, shauri lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.

Mchumawaridi

Ahsanteni sana. Kwetu choo cha wanawake cha upande wa kufungia mashada hakina mlango unaofunga tangu masika. Nadhani shauri letu la kwanza ni hilo, na Jumatatu nitawaita watatu saa ya chakula. Yule wa msimu nimemwomba alete mikataba yake. Anayo minne, yote ya shamba hili hili.