UZI WA MALALAMIKO: Majaji wa albamu ya kuenzi benga, mnapigia kura koo huku gitaa na besi vimezikwa

Wadau wa benga, muziki wetu wa magitaa uliotoka kwa Waluo, kuanzia Kondele hadi Migori na Busia, tuambiane ukweli. Matokeo ya ile albamu ya kuenzi bendi ya wazee, vijana wakirudia nyimbo zake, yametoka. Jopo la redio na kura ya humu ndani wamekubaliana: wimbo wa 4 ndio bora, wa 9 ndio mkia. Albamu siitaji jina, mnaijua, na sitaki uzi ufungwe kabla haujapata moto. Lakini matokeo hayo ni upuuzi mtupu.

Kigezo chenu ni kimoja tu: "Kijana ametoa sauti ya mzee kabisa!" Haya, ameitoa. Halafu? Tangu lini benga ikabebwa na koo? Miaka ya 70 santuri za prodyusa Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe, na watu wasiojua hata neno moja la Dholuo wakazipenda mpaka muziki wenyewe wakauita kanindo. Walikuwa wanafuata maneno? Walifuata gitaa na besi.

Wimbo wa benga unajengwa hivi. Mwimbaji anamaliza mstari, gitaa la solo linaurudia kwa noti mojamoja kama nyatiti, kile kinubi cha Waluo, gitaa la rizimu linajaza katikati, besi inajibu kwa kurukaruka. Ni mazungumzo. Sasa sikilizeni wimbo wa 4 kuanzia sekunde ya 40. Mwimbaji anamaliza mstari na hakuna anayemjibu. Solo limegeuzwa kodi ndefu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zilizomwagiwa mwangwi. Na sauti ile kavu ya zamani wala haihitaji mtambo wa bei: pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na brigi, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, trebo (sauti kali za juu) iongezwe, amplifaya safi isiyokwaruza, noti fupi, mkono wa kulia ukikaa karibu na brigi. Mwangwi ukizidi, noti ya tatu inaikuta ya kwanza bado iko hewani na mazungumzo yote yanakuwa uji.

Besi ndiyo iliyonipandisha hasira zaidi. Ni ya kompyuta, noti moja inavutwa kutoka pigo la kwanza hadi la nne. Dramu ya mguu nayo inapiga kila pigo. Viwili hivyo vinagombania palepale, kwenye sauti nzito za chini, kati ya hezi 50 na 100, na fundi wa miksi alipoona msongamano akaishusha besi. Ukiucheza kwenye simu, besi hakuna. Ukiucheza kwenye matatu, unasikia ngurumo isiyojulikana ni noti gani. Dawa yake si kifaa cha kubana sauti. Dawa ni kuinua kidole. Mpiga besi wa benga anaikata noti mapema, na mara nyingi analiacha pigo la kwanza libebwe na dramu peke yake, kisha anaingia nyuma yake. Pengo lile ndilo linalomtoa mtu kitini. Mkilijaza, mmeua wimbo, hata mzee mwenyewe afufuke aje kuuimba.

Kuna jambo lingine ambalo jopo zima halikulisikia. Wimbo wa 2 na wa 6, waimbaji wanajinyonga kule juu. Mkasema "hana pumzi". Pumzi anayo! Waliochagua ufunguo, yaani kimo cha sauti cha kuimbia, walinakili toleo la mtandaoni lililotolewa kwenye santuri kwa mashine inayokimbia. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ikizunguka kwa kasi ya karibu 47.7, yaani asilimia 6 zaidi, wimbo mzima unapanda nusu toni. Kupima ni rahisi. Tafuteni pale ambapo solo linagusa uzi mtupu usiobanwa na kidole, uko wazi kabisa masikioni kwa sababu unalia mrefu kuliko wenzake. Kama uzi huo unaangukia kati ya noti mbili, au vidole vinalazimika kuruka fredi (vile vyuma vya shingo ya gitaa) kwa namna isiyowezekana, kasi ya nakala ndiyo mbovu. Punguzeni kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, asilimia moja moja, mpaka nyuzi zikae mahali pake. Ndipo mchague ufunguo. Kazi ya nusu saa, wao wakaona bora wamrekebishe mtoto wa watu kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, na ile miteremko midogo ya sauti mwishoni mwa mistari ikanyooshwa kama waya.

Na upande wa pili uko wapi? Santuri hizi za inchi 7 zilikuwa na sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, kwa sababu upande mmoja hautoshi. Upande B ndiko magitaa yanakoachiwa, maneno yanapungua, mwimbaji anaanza kutaja majina ya watu kwa pakruok, yaani majigambo na sifa. Kwenye albamu hii kila wimbo unakatika dakika ya tatu na kidogo. Yaani mmeenzi utangulizi! Najua hesabu ya majukwaa ya mtandaoni, Spotify inahesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, kwa hiyo wimbo mfupi unalipa. Basi semeni ni biashara, msiseme ni heshima.

(Kuhusu pakruok: kubadilisha majina sina shida nako, majina ya 1974 hayamhusu aliyeko ukumbini leo. Lakini kumsifu mdhamini wa albamu mara tatu ndani ya wimbo mmoja ni tangazo.)

Sasa wimbo wa 9, mliouweka mwisho kwa sababu "haufanani". Gitaa moja la mbao na chupa ya Fanta inayogongwa, mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, ule wa George Mukabi na wa Abana ba Nasery wa Bunyore. Sikilizeni kidole gumba: kinabeba besi ya asili, na pengo lake la pigo la kwanza kimeliacha lilivyo. Kidole cha shahada kinajibu mwimbaji mwishoni mwa kila mstari. Vidole viwili vimefanya kazi ambayo studio nzima ya wimbo wa 4 imeshindwa. Waimbaji ni wawili kwelikweli, mmoja akiimba noti ya tatu juu ya mwenzake, na mnasikia mmoja anachelewa kidogo kufunga neno. Kwenye wimbo wa 4 "wawili" ni mtu mmoja aliyejirekodi mara nyingi, kila silabi imepangwa sawasawa, hakuna upana.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu ya ukurasa wa kwanza:

Ndugu aliyeniletea mambo ya roki, kwamba huko wanabadilisha kila kitu na hakuna anayelia: mfano wako unanisaidia mimi. Kwenye Nativity in Black ya 1994, albamu ya kuwaenzi Black Sabbath, bendi ya Type O Negative waliugeuza wimbo wenye jina la bendi ukawa wao kabisa, lakini lile rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) la noti tatu, G, G ya juu, kisha C kali, hawakulitupa. Wimbo unasimama juu ya rifu hilo. Walijua nguzo ni ipi, wakachezea mengine.

Mzee wangu wa Homa Bay, unasema vijana watiwe moyo. Wapewe moyo, ndiyo, ila wapewe na alama zinazowaonyesha pa kurekebisha. Mnawapa 9 kwa 10 kwa kuiga kikohozi cha mzee.

Na aliyesema "miaka 50 imeisha, nyimbo ni za bure" asome Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 vizuri. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1972 imeshatoka. Utungo ni kitu kingine: miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. D.O. Misiani, gwiji wa benga, alifariki Mei 2006, kwa hiyo alichokitunga mwenyewe kinalindwa hadi mwisho wa 2056. Anayeurudia wimbo anautumia utungo, hata kama hakugusa sekunde moja ya santuri.

Kwa hiyo prodyusa, kama unapita humu: wimbo wa 7 umeuandika "wa asili", na jina la mtunzi limechapwa kwenye lebo ya santuri, chini ya jina la wimbo. Rekebisha hilo kwanza, kisha turudi kwenye besi.