Lambo letu linavuja chini ya tuta: tuzibe kwa saruji?

Mkulima wa Nachingwea:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Lambo la udongo ambalo kikundi chetu hulitegemea kumwagilia nyanya na bamia wakati wa kiangazi limeanza kutoa maji chini ya tuta, upande wa bustani, mahali palipokuwa na mwembe tuliokwisha kuukata. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika sita hivi, lakini tangu Jumatatu maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wenzangu wanataka tuzibe tundu kwa saruji. Je, inafaa?

Fundi Malambo, Masasi:
Msizibe, tafadhali. Tuta la udongo huchuja maji kidogo, na yakiwa maangavu hakuna haja ya hofu kubwa. Yakiwa na rangi, yanabeba udongo wa ndani, na mfereji unazidi kuchimbika kurudi nyuma kuelekea lamboni. Mkiziba mdomo wa nje, maji yatatafuta pengine, na huenda msiyaone hadi tuta likatike. Nashuku mizizi ya mwembe huo, kwa kuwa ikioza huacha mirija. Funikeni tundu kwa mchanga safi wa mtoni, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Wakati huohuo punguzeni maji ya lambo polepole, kwani yakishuka ghafla mteremko wa ndani uliolowa huporomoka. Wanaolala bustanini chini ya tuta wahame leo.

Mkulima wa Nachingwea:
Nashukuru, fundi. Udongo wa kukarabatia tutaujuaje?

Bibi Shamba:
Dondosha kidonge kikavu cha udongo huo, ukubwa wa punje ya hindi, katika glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Ukiona wingu linatanda kama maziwa baada ya dakika kumi, tafuteni udongo mwingine. Lambo likikauka, ng'oeni mizizi yote, mjaze udongo wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa. Kabla ya hapo, iandikieni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, iliyoko Mtwara, mhandisi aje alikague.

Mkulima wa Nachingwea:
Tumemwaga mikokoteni miwili ya mchanga, kokoto na mawe juu yake, na asubuhi ya leo maji yanatoka maangavu. Mzee mmoja bado hajaurudisha mfuko wake wa saruji dukani.