Mzee wangu mpiga saksafoni anakuja: nimpeleke mji gani akasikilize jazz?

MtotoWaTabora (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam. Baba yangu anakuja Marekani mwishoni mwa Agosti, mara yake ya kwanza. Ana miaka 74. Alipuliza saksafoni ya alto kwenye bendi za dansi, Tabora kisha Dar, tangu ujanani mpaka alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho, mama akamwambia achague: bendi au nyumba.

Sisi neno jazz tulikua nalo kwenye majina ya bendi: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Ukimuuliza mzee mbona mlikuwa mkipiga rumba na cha-cha, anakujibu kuwa bendi ikishakuwa na vyombo vya kupuliza, hiyo ni jazz. Lakini alikuwa na kanda moja ya Charlie Parker, Mmarekani mpiga alto. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aliiweka hiyo hiyo, mpaka siku moja utepe ukakatika. Akauunga kwa selotepu, na pale penye kiungo Parker akawa anaruka noti mbili tatu. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule mzima mahali pengine, sikio langu linangoja lile pengo.

Nina gari na likizo ya siku tisa. Nataka mji mmoja, ikizidi sana miwili. New York, New Orleans, Chicago, Kansas City? Wamarekani wa kazini kwangu kila mmoja ananitajia kwao. Mzee hanywi pombe, na goti la kushoto linamsumbua. Makumbusho si mbaya, ila nataka hasa mahali atakapokaa karibu na jukwaa aone vidole vya mpigaji.

DadaWaQueens

Kwa wingi wa wapigaji wazuri New York haina mpinzani. Usiku wowote wa wiki, hata Jumatatu. Tena Jumatatu ndiyo zamu ya bendi kubwa ya watu 16 pale Village Vanguard, desturi iliyoanza 1966. Ukumbi wenyewe upo tangu 1935, mdogo, watu wanakaa bega kwa bega, na muziki ukianza hakuna anayeongea. Vidole ataviona.

Tatizo ni goti. Vanguard iko chini ya ardhi na ngazi zake ni kali, klabu ya Smalls nayo iko chini. Dizzy's Club pale Columbus Circle iko ghorofa ya tano lakini ina lifti, na nyuma ya jukwaa ni vioo vitupu, unaona mji na miti ya Central Park. Andaa hela: kiingilio, halafu juu yake lazima muagize chochote, hata kama ni soda.

Mchana mlete Corona, Queens, aione nyumba aliyoishi mpiga tarumbeta Louis Armstrong tangu 1943 hadi alipofariki 1971. Ni nyumba ya kawaida kabisa katika mtaa wa watu wa kawaida, na jiko lake la buluu limeachwa kama lilivyokuwa.

BintiWaMvita (Houston)

Mwanangu, mimi ningempeleka New Orleans. Mimi ni mtu wa Mombasa, na siku ya kwanza nilipokutana na ile bendi ya barabarani ya Jumapili, tarumbeta mbele, ngoma kubwa nyuma, watu wazima na miavuli yao wanacheza katikati ya njia, nilisimama nikalia. Ilikuwa beni mbele ya macho yangu! Beni ile ile niliyoiona utotoni harusini.

Halafu uliza ni nani wanaoandaa. Ni vyama vilivyoanza kama vyetu vya kufa na kuzikana: watu weusi waliochanga senti zao ili mwenzao akiugua atibiwe, na akifa azikwe kwa heshima. Ndiyo maana hata mazishi yao yana bendi. Kwenda makaburini wanapiga polepole, kinyonge; wakirudi wanapiga kwa furaha na kucheza. Babako ataelewa bila kuelezwa, maana dansi pia ni muziki wa miguu. New York atakaa kwenye kiti apige makofi.

Usiku mpeleke ukumbi wa Preservation Hall, upo tangu 1961. Hawauzi pombe, mabenchi ni ya mbao, na onyesho halizidi saa moja. Kisha mtaa wa Frenchmen, unatembea mlango hadi mlango ukisikiliza. Na msiondoke bila kufika Congo Square, walipokuwa wakikusanyika watumwa Jumapili kupiga ngoma zao. Ila nakuambia kweli, Agosti na Septemba joto la kule ni la kuogopwa, na ndio msimu wa vimbunga. Kama angekuja Aprili nisingekuacha umpeleke kwingine.

TrelaYaI70

Ndugu, umeandika Charlie Parker na bado unauliza? Kansas City. Unashika barabara kuu ya I-70 hapo hapo Columbus, unapita Indianapolis na St. Louis, maili kama 650, hubadilishi barabara. Mimi naipita karibu kila mwezi na mzigo, na nikipata mapumziko ya Jumamosi naegesha huko makusudi.

Mji uko mpakani mwa majimbo mawili: Parker alizaliwa upande wa Kansas tarehe 29 Agosti 1920, akakulia upande wa Missouri. Miaka ile pombe ilikuwa marufuku nchi nzima, ila mkubwa wa siasa wa mji, Tom Pendergast, aliziachia baa ziendelee. Baa hazifungwi, basi wapigaji wana kazi mpaka asubuhi. Kijana Parker alijifunza kwa kusimama nje ya milango hiyo akisikiliza wakubwa.

Pale kwenye kona ya mitaa ya 18th na Vine kuna jumba la makumbusho ya jazz. Ndani yake kuna alto ya Parker ya plastiki, nyeupe, ile aliyopigia Toronto mwaka 1953. Mzee asimame hapo peke yake, wewe kaa pembeni. Jengo hilo hilo lina ukumbi, Blue Room, muziki unapigwa jukwaani hatua chache kutoka mezani.

Sasa sikia cha maana zaidi. Mtaa wa Highland, jirani tu, kuna nyumba ndogo, Mutual Musicians Foundation. Ilikuwa ofisi ya chama cha wanamuziki weusi, enzi ambazo weupe walikuwa na chama chao. Wikendi, kazi za mjini zikiisha, wapigaji wanakusanyika humo kuanzia saa saba usiku. Nilimwona babu mmoja amekuja na tarumbeta kwenye mfuko wa nguo, hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, wakampa nafasi. DadaWaQueens yuko sawa kuhusu wingi, na BintiWaMvita yuko sawa kuhusu kucheza. Lakini huyu mzee ni fundi, si mtazamaji.

MtaniWaUptown (Chicago)

Chicago mkija, klabu ya Green Mill, ipo tangu 1907, karibu na kituo cha treni. Lakini kwa siku tisa na goti, nakubaliana na dereva. Nyongeza: wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, Detroit wana tamasha la jazz la bure, na kwenu ni saa tatu na ushee kwa gari.

MtotoWaTabora

Asanteni sana. Nimempigia simu jana. New York na New Orleans aliitikia tu, "sawa, sawa." Nilipofika kwenye alto ya plastiki akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza, "Plastiki inatoa sauti?" Halafu akamwita mama amtafutie mdomo wa saksafoni yake, kile kipande cha kupulizia; alto yenyewe aliiuza 1994 kunilipia ada, mdomo akabaki nao.

Basi ni Kansas City tarehe 29, na Detroit tukirudi. TrelaYaI70, kule Highland nitapata alto ya kuazima, au nikodi kabla?

TrelaYaI70

Kodi hapo Columbus, siku tatu kabla, aizoee nyumbani. Midomo ya alto za kukodi ni ya wanafunzi wa shule, kwa hiyo mwambie aje na wa kwake. Makaburi ya Lincoln, alikozikwa Parker, mpeleke Jumamosi asubuhi mapema. Kwenye jiwe wamechora tenori, saksafoni kubwa zaidi, badala ya alto, ataliona kabla hujamwambia. Kisha mrudishe hotelini alale mchana kutwa.