Mrejesho: skripti ya picha na majina ya faili yenye nafasi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza jinsi ya kupitisha faili kama `risiti ya Machi.jpg` kwenye skripti ya kupunguza ukubwa wa picha bila bash (programu inayosoma na kuendesha amri za terminal) kulikata jina vipande vitatu. Mmoja akasema nifunge `$@` (orodha ya majina yaliyopewa skripti) kwenye alama za kunukuu, yaani `"$@"`, mwingine akasema nihamie fish, programu nyingine ya aina hiyo hiyo. Zote zimefanya kazi, ila nimebaki na fish.

Huko kila kigezo ni orodha, na nafasi ndani ya jina haikati kitu. `for f in $argv` imetosha (`$argv` ndiyo orodha ya majina yaliyopewa skripti). Ukitoka bash mkono utakimbilia kuandika `"$argv"`. Usifanye hivyo, maana fish itaunganisha majina yote kuwa neno moja refu.

Kuhesabu kunaanzia 1. Folda ya kuhifadhia naichukua `set folda $argv[1]`, kisha `set -e argv[1]` inaiondoa, zinabaki picha tupu.

Kilichonifurahisha zaidi: `$argv.bak` inabandika `.bak` kwa kila jina, na orodha ikiwa haina kitu, neno zima linatoweka. Aliyewahi kuogopa `rm -rf $folda/` (amri ya kufuta, ambayo kwenye bash `$folda` ikiwa tupu inabaki `rm -rf /`) ataelewa.

Kwa chaguo la ubora wa picha (`-u` au `--ubora`) nimetumia `argparse`, amri ya fish ya kusoma machaguo:

`argparse 'u/ubora=' -- $argv; or exit 1`

Thamani inakaa `$_flag_ubora`, picha zinabaki `$argv`.

Kwenye seva ya kazini fish haipo, kwa hiyo huko naendelea na `"$@"`. Ahsanteni sana.