Nimepewa mbwa rotwaila wa bure, waifu kagoma. Wakuu mnasemaje?

Mkazi wa Buswelu

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijaamua maana ndani hali ya hewa imechafuka.

Nimehamia kwangu huku Buswelu, nyumba bado finishing, fensi nimepiga pande tatu, ule wa nyuma kuna mawe makubwa haya yetu ya Mwanza, fundi akasema kuyapasua ni hela nyingine kwahiyo tukayaacha yawe ndio ukuta. Sasa wezi wanashuka hapo hapo juu ya mawe. Wameshaondoka na betri ya sola, mtungi wa gesi, hadi nguo za watoto zilizokua kwenye kamba. Kuna mshkaji wangu yuko Capri Point, kule kwa wenye nazo, anahamishwa kikazi, ana rotwaila dume wa mwaka na nusu, kaniambia nimchukue bure na banda lake. Nikaona Mungu kajibu.

Waifu kasema huyo mbwa akiingia getini yeye anatoka na watoto. Tuna wa miaka 6 na wa miaka 3. Hoja yake ni kwamba hizi mbegu kali sio za kukaa na familia, na kama shida ni mlinzi basi tuchukue vibobi viwili vya kienyeji vibweke usiku inatosha. Mshkaji nae anasema mbwa ni malezi tu, mbegu ni maneno ya watu wasiofuga. Nani yuko sahihi hapa? Waliofuga kweli ndio wajibu tafadhali.

Ngosha wa Nyegezi

Mkuu kamchukue leo kabla jamaa hajabadili mawazo.

Nina boaboeli, mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, mwaka wa tano huu, watoto wangu wanamlalia mgongoni. Tatizo watu wanaona rotwaila wanawaza muvi. Asili yake ni mji wa Rottweil kule Ujerumani, kazi yake ilikua kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji, yani angezaliwa huku kwetu angekua yuko Magu anapeleka ng'ombe mnadani. Jemani shepadi nae ni mbwa wa kondoo, ndio maana wanaitwa hivyo, jeshi na polisi wamekuja baadae. Na kuna utafiti ulitoka 2022 kwenye jarida la Science, walikusanya majibu ya wafugaji wa mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9! Zinazobaki ni mengine huko, ikiwemo wewe unavyomlea.

Cha kujiandaa ni tumbo lake. Huyu wangu dona na mapanki tu, yale mabaki ya sangara yenye mifupa, nachukua viwandani kwa ndoo, nachemsha mpaka mifupa inakua laini kabisa ndio nachanganya. Ukileta masihara kwenye kuchemsha ule mfupa wa sangara unamkwama. Bajeti ya msosi ndio iwe ugomvi wako na shemeji, sio ukali.

Kijana wa Ukerewe

Rotwaila wa bure na banda la bure, Capri Point? Muulize kwanza ameshamng'ata nani 😂

Mama Kulwa na Doto

Mimi niko upande wa shemeji na nitaeleza kwanini, maana kazi yangu ni kwenye chumba cha majeraha na hizi habari nazishonea kila wiki.

Nikubali kitu kimoja, wengi wanaoletwa wameng'atwa na hawa hawa wa kienyeji. Ni lazima iwe hivyo kwasababu ndio wamejaa mtaani. Wa kienyeji anakamata mguu, anaachia, anakimbia, unakuta matundu manne na mkwaruzo. Mbwa mkubwa akikamata anatikisa. Kuna mtoto aliletwa usiku na bibi yake, kichwa kimefungwa kwenye kanga ambayo huwezi tena kujua ilikua rangi gani, nilipoifungua ngozi ya kichwa kuanzia juu ya sikio ilikua imeachia yote inaning'inia. Mbwa alikua wa nyumbani. Mtoto alikua anamjua. Alienda kuokota mpira karibu na sahani yake. Mtu mzima anang'atwa mguu au mkono, mtoto wa miaka 3 uso wake uko sawa sawa na mdomo wa mbwa, hapo hakuna cha asilimia 9.

Alafu niseme hili kwa wote mnaosoma, awe wa kizungu au wa kienyeji. Ukiumwa, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwanza, kwa saa kabisa, ndio mje hospitali, siku hiyo hiyo. Tunaletewa watu wamepaka mafuta ya taa, wamepaka majivu, wengine walikua wanasikilizia kidonda kipone kwanza. Kidonda kinapona vizuri tu, kichaa cha mbwa kinakuja baadae, na mgonjwa akishaanza kuogopa maji hatuna dawa ya kumrudisha. Chanjo ni sindano kadhaa kwa siku tofauti, ukichoma moja ukaona umepona usiishie hapo.

Ngosha wa Nyegezi

Pole dada, lakini hapo si malezi? Mtoto kusogelea sahani ya mbwa anakula, hata paka atakuparua.

Mama Kulwa na Doto

Paka atanipa kazi ya plasta, kaka.

Mzaliwa wa Kirumba

Mimi mtoto wa Kirumba ila saivi niko Leicester, Uingereza. Hii ngoma huku imechezwa miaka na haijaisha. 1991 walitunga sheria wakafungia mbegu nne, pitibul teria, Tosa ya Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Wafugaji wakafanyaje, wakahamia XL Bully ambae hayumo kwenye orodha, na mkubwa kuliko pitibul. Watu wakaanza kufa, mwisho wa 2023 serikali ikafungia kumuuza na kumzalisha, kuanzia Februari 2024 kua nae bila cheti ni kosa Uingereza na Wales. Mwenye cheti lazima amhasi, amuwekee chip ya utambulisho, awe na bima, na akitoka nje mbwa amefungwa mdomo. Uholanzi wao walikua na marufuku ya pitibul wakaiondoa 2008 wakasema haikupunguza kung'atwa. Kwahiyo kila mtu anaeleta hoja hapo juu kuna nchi nzima inamuunga mkono 😅

Jirani Mwema

Mnaongea ya mwenye mbwa tu, sisi tunaopakana nao hatuna kura?

Mtaani kwetu Pasiansi kuna bwana ana pitibul wawili. Geti limeandikwa MBWA MKALI herufi kubwa, alafu geti lenyewe kitasa kibovu anafungia tofali. Mama wa dagaa hapiti tena mtaa huu, boda wanakushusha barabarani utembee, watoto wa madrasa wamebadili njia wanazungukia kwenye korongo. Sisi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, akikugusa na mdomo umeenda msikitini ujue safari imeishia hapo unarudi kuosha kanzu, lakini hata ndugu zetu Wakristo wa mtaa huu nao wamechoka. Ukimwambia anajibu "hawang'ati hao". Anasema hivyo akiwa ndani, sisi tuko nje.

Tulimfikisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaahidi atatengeneza geti. Tofali bado lipo.

Bwana Mifugo Igoma

Nimechelewa kuona huu uzi, nilikua vijijini kwenye chanjo. Naomba nisichague upande.

Ule utafiti aliotaja Ngosha upo, na ni mzuri, ila ulipima tabia, haukupima taya. Rotwaila dume akikomaa anafika kilo 50 hadi 60. Kwahiyo hata tukubali kwamba hana hasira kuliko kibobi wa Buswelu, siku akikosea matokeo hayalingani, na hicho ndicho Mama Kulwa anachokiona kazini. Swali la nani mkali zaidi mimi naona linatupotezea muda. Muulize mshkaji wako maswali mengine.

La kwanza, alilelewaje miezi yake mitatu minne ya mwanzo. Hapo ndipo mbwa anajifunza kwamba mtoto anaelia, mtu mwenye ndoo kichwani, pikipiki, ni vitu vya kawaida. Kama alikulia ndani ya ukuta wa Capri Point anamuona bosi na mlinzi tu, kwake mtoto wa miaka 3 anaekimbia huku anapiga kelele ni kitu kigeni kabisa. Mbwa wa mwaka na nusu anafundishika, lakini unarekebisha, huanzi upya.

La pili, alikua anafungwa mnyororo? Hapa mjini ndio ugonjwa wetu. Mtu ananunua mbwa wa gharama, anamfunga mchana kutwa kwenye bati la jua, anamchokoza na fimbo ili awe mkali, wengine wanampa pilipili, kuna hadi wanaomlisha nyigu, wallahi nyigu. Unachopata ni mbwa mwenye maumivu ya mdomo na anaemuogopa kila mtu, na mbwa muoga ndie anaeng'ata bila kubweka. Huyo hakulindii nyumba, anasubiri tu ajali.

La tatu kadi ya chanjo. Ya kichaa inarudiwa kila mwaka, nataka kuona tarehe, sio "alichanjwa". Na hawa wa kizungu homa ya kupe inawamaliza haraka kuliko wa kienyeji, kwahiyo kuogesha dawa ya kupe ni gharama ya kudumu. Hilo hao wanaogawa bure huwa hawalisemi.

Sheria hapa kwetu sijaona orodha ya mbegu kama hiyo ya Uingereza, ila Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anaezembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake mwenye hatari. Jirani Mwema, hilo tofali la getini ni ushahidi mzuri tu, lipige picha.

Na mleta mada, samahani, mbona upande wa nyuma uko wazi? Rotwaila hatakaa chini ya jiwe anamsubiri mwizi ashuke. Kama mwizi anashuka, yeye atapanda.

Mkazi wa Buswelu

Wakuu nimesoma zote, shukrani. Nimempigia mshkaji nikamuuliza kama alivyosema Kijana wa Ukerewe. Kwanza akacheka. Alafu akasema "alimparua kidogo" fundi bomba mwaka jana. Nikauliza kidogo kiasi gani, akasema alimlipia hospitali na wakayamaliza kiutu uzima. Kadi ya chanjo anasema iko kwenye maboksi, ameshapaki. Mchana anafungwa, usiku ndio anaachiwa.

Waifu alikua amekaa pembeni anasikia, simu nilikua nimeweka spika. Hakusema kitu, aliinuka akaenda jikoni, na mliooa mnajua hiyo inamaanisha nini.

Ila nae Ngosha hoja zake bado zinanivuta, siwezi kudanganya. Huyo mbwa nilishamuona, anapendeza kweli.

Ngosha wa Nyegezi

Hapo kwa fundi bomba hata mimi narudi nyuma hatua moja. Sio kwasababu ni rotwaila, kwasababu ya "kidogo". Mtu anaekuficha la kwanza ana la pili. Ukitaka kweli tafuta kitoto cha miezi miwili, mama yake ukamuone kwa macho yako uone anavyopokea wageni, umlee mwenyewe na wanao wakiwepo.

Mama Kulwa na Doto

Au tumia hiyo hela ya dawa za kupe kumalizia ukuta.

Kijana wa Ukerewe

Chukua bata mzinga, wezi wa Buswelu wanawaogopa 😂

Bwana Mifugo Igoma

Mkazi wa Buswelu, ukiamua kumuangalia tena usiende na watoto na usimbebe kwa boda. Mwambie jamaa amtoe nje ya banda akiwa kwenye kamba, apite mtu asiemjua mwenye ndoo, we kaa mbali utazame. Nipo Jumamosi mchana, kama utalipia mafuta nakuja tumpime pamoja. Na hiyo kadi aitafute kwenye hayo maboksi kabla sijawasha pikipiki.