Jamii isiyo na kasoro: kikwazo ni watu wabaya, au ni zamu ya kuosha vyombo?

Msasa ameuliza:

Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Jamii isiyo na kasoro inaweza kuwepo duniani? Siulizi jamii nzuri, hizo zipo. Nauliza ile ambayo kila aliyemo, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakwambia hana anachotaka kibadilishwe.

Nauliza kwa sababu nilishawahi kuijenga. Msicheke. Tulikuwa vijana saba tuliotoka chuo pamoja, tukapanga nyumba moja, tukaapa kuishi kwa usawa. Hakuna bosi. Mfuko mmoja, kila mtu anatia kwa kadiri ya kipato chake. Tuliandika katiba ya kurasa mbili yenye ibara 14, katibu nikiwa mimi. Ibara ya 1 ilihusu utu. Ya 2, uhuru wa mawazo. Vyombo vilikuja kutajwa ibara ya 11, tena kwa sentensi moja: "Kila mtu ataosha alichotumia."

Mwezi wa nne, sufuria kubwa lililoungua lilikaa kwenye sinki siku tisa. Kila mtu alikuwa na hoja yake. Aliyelitumia alisema aliyeliunguza ni mwingine, aliyeombwa aliangalie kidogo akapokea simu. Huyo naye akasema kuangalia siyo kutumia. Wa tatu alikuwa safarini. Tulikaa kikao cha saa mbili na nusu kujadili maana ya neno "kutumia", na mimi naandika muhtasari!

Pale hapakuwa na mtu mbaya. Wote sita, mpaka leo, akinipigia mmoja wao kuomba mkopo nampa. Ndicho kinachonisumbua. Mtu akiniambia jamii kamilifu haiwezekani kwa kuwa binadamu ni waovu, namwona hajawahi kuishi na watu wema. Sasa tulikosea wapi? Idadi? Katiba? Au wazo lenyewe lina ufa?

---

Kumbukumbu amejibu:

Mkuu Msasa, umenichekesha, lakini hamkuwa wa kwanza. Mwaka 1825 tajiri mmoja wa viwanda vya pamba aitwaye Robert Owen alinunua mji mzima huko Indiana, Marekani, akauita New Harmony. Aliununua kwa kundi la kidini lililokuwa limeujenga na kuufanyia kazi vizuri tu. Majengo yapo, mashamba yapo. Akakaribisha yeyote anayetaka, wakaja watu kama 800 hivi. Wasomi walikuwepo, wenye shauku walikuwepo, na wategaji nao hawakukosa. Mafundi na wakulima ndio waliokuwa haba. Owen mwenyewe aliondoka miezi michache baadaye, akarudi Januari 1826. Wakaandika katiba, ikawashinda, wakaandika nyingine. Kufikia 1827 mradi ulikuwa umevunjika na sehemu kubwa ya mali yake imekwenda nao.

Angalia kitu kimoja: kundi lililowauzia, chini ya Georg Rapp, lilihamia Pennsylvania likaendelea kustawi kwa miaka mingi. Watu wale wa Rapp walikuwa na mtu wa kuwaambia nani anaosha sufuria. Ila walitakiwa kumtii, na wengi wao hawakuoa wala kuzaa. Sasa sijui hiyo utaiita kamilifu.

Hata Mwingereza Thomas More, aliyetupa neno "Utopia" kwa kitabu chake cha mwaka 1516 kuhusu kisiwa cha jamii kamilifu, aliliunda kwa Kigiriki likiwa na maana ya mahali pasipokuwepo. Kisiwa chake kina saa sita tu za kazi kwa siku, dhahabu inafanyiwa vyombo vya kujisaidia usiku. Safi sana. Halafu unaendelea kusoma unakuta kazi chafu zinafanywa na watumwa, na raia akikamatwa mara ya pili anasafiri bila kibali naye anatiwa utumwani. Sufuria la Msasa lingeoshwa, ndiyo.

---

Penseli_na_Rula amejibu:

Nafundisha hesabu, kwa hiyo niruhusuni. Mnadhani tatizo ni uvivu. Ondoeni uvivu kabisa, wekeni watu watatu wakweli, wachapakazi, wanaopendana. Waulizeni jioni iwe ya nini: ukimya, muziki au wageni.

Wa kwanza anataka ukimya, ukikosekana muziki, wageni mwisho. Wa pili anataka muziki, kisha wageni, ukimya mwisho. Wa tatu anataka wageni, kisha ukimya, muziki mwisho.

Pigeni kura. Ukimya unaushinda muziki kwa kura 2 kwa 1. Muziki unawashinda wageni 2 kwa 1. Mtasema basi ukimya ndiyo bingwa, lakini ukipambanishwa na wageni, wageni wanashinda 2 kwa 1. Tunazunguka. Chochote mtakachochagua, wengi wana kingine wanachokipenda zaidi. Mfaransa Condorcet aliliandika hili mwaka 1785, na mwaka 1951 mchumi Kenneth Arrow akaonyesha kwamba machaguo yakifika matatu hakuna njia ya kupanga matakwa ya watu wote inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaona ya haki. Hapo hatujamtaja mwovu hata mmoja.

Nikirudi kwa swali lako, Msasa: "hana anachotaka kibadilishwe" ni sharti la mtu mmoja. Ukiwa peke yako kisiwani unaweza kulitimiza.

---

Njiwa Pori amejibu:

Mbinguni tu. Mada ifungwe.

---

Mama wa Wawili amejibu:

Wanaume mmeongea vyombo na kura, hakuna aliyeuliza kuhusu watoto.

Jamii ya Oneida, katika jimbo la New York, Marekani, ilianza 1848. Mali yote ya pamoja, ndoa nayo ya pamoja, kila mwanamume mume wa kila mwanamke. Mtoto akishaachishwa ziwa analelewa kwenye nyumba ya watoto, na mama akionekana anampenda wa kwake kupita wengine anakemewa. Walidumu zaidi ya miaka 30, siyo haba. Lakini vijana waliozaliwa mle walipokua, wengi walitaka mume mmoja na mke mmoja kama watu wa nje. Kiongozi wao, John Humphrey Noyes, alikimbilia Kanada 1879 akiogopa kushtakiwa, na 1881 jamii ikageuzwa kampuni ya hisa. Ikaja kuvuma kwa vijiko na uma!

Na kibutsi za Israeli, yaani vijiji vya mali ya pamoja, ya kwanza Degania ya mwaka 1910. Nyingi zilikuwa na nyumba za watoto, wanalala huko mbali na wazazi. Utaratibu huo ulikuja kuachwa karibu kote, na mabinti waliokulia humo humo walikuwa mstari wa mbele kuupinga walipopata watoto wao.

Jamii kamilifu hujengwa na waliochagua. Mtoto anazaliwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Nina wawili nyumbani, mkubwa ana miaka kumi na mitatu, na ninavyomjua, ukimweka peponi ataanza kwa kuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

---

Kumbukumbu amejibu:

Mama, hapo umegonga. Naongeza moja tu linalonivutia. Wahutteri, kundi la Kikristo, wana mali ya pamoja tangu karne ya 16, wako hasa Kanada na Marekani. Wameteswa, wamehama nchi baada ya nchi, kuna kipindi waliuacha ushirika wa mali kisha wakaurudia. Wapo. Koloni, yaani kijiji chao kimoja, ikikaribia watu 150 hivi wanaigawa mbili, nusu wanahamia ardhi mpya waliyokwisha kuinunua. Hawangoji wagombane.

---

Msasa amejibu:

Nimewasoma wote mara mbili. Mwalimu, ule mfano wa jioni tatu umeniumiza, maana sisi tulikuwa na hasa huo ugomvi na tuliuita ukosefu wa nidhamu.

Mama, sisi hatukuwa na watoto, lakini mwezi wa tano alihamia dada mmoja kuchukua nafasi ya aliyepata kazi mbali. Hakuiandika ile katiba. Nilimpa asaini, akasoma kurasa zote mbili taratibu, akauliza, "Hii ibara ya 11 mnaifuata?" Tukatazamana. Akaenda zake kuosha vyombo vya watu wote, na miezi miwili baadaye akahama. Tulimsifu sana, mkutano mzima. Zamu hatukumpunguzia.

Wahutteri nitawatafuta niwasome. Kugawana kabla ya kugombana hatukuliwaza kabisa.

---

Penseli_na_Rula amejibu:

Na lile sufuria liliishia wapi?

---

Msasa amejibu:

Ninalo. Siku ya kuvunja nyumba hakuna aliyelidai, nikahama nalo.